Sentimita Sabini

6 Machi

Mpwa wangu Karani,

Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha kuzunguka, mzima, binti yangu, wewe na mjukuu wangu. Sisi huku tunazivuta siku. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Mguu wake umepona, isipokuwa kukinyesha, na tangu Januari kunanyesha karibu kila siku, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Paa la jikoni nimeliziba kwa mikono yangu miwili, fundi akaja kulitazama akaniuliza nilisomea chuo gani. Nikamwambia chuo changu ni darasa la tano, mwalimu aliishiwa na vya kunifundisha. Kaburi la mama yako nimelizungushia matofali, na nyasi zimeanza kushika. Hapo nisiseme mengi.

Naandika kwa sababu simu huku inashika ukipanda juu ya tangi la maji tu, na umri wangu wa kuning'inia kwenye tangi umepita. Barua nampa dereva wa lori la saruji, mtu mwaminifu, niliwahi kumwokoa na chui.

Sasa jambo lenyewe. Ni Jemedari. Unajua lile gari halijamaliza hata mwaka, bado lina nailoni kwenye kiti cha nyuma, na ndilo linalotulisha kwa kubeba mawe na abiria kutoka machimboni mpaka lami. Tangu siku ile nilipokuwa nampeleka mama yako hospitali limenoki. Injini haizunguki hata kwa nyundo. Kampuni yako wamelivuta mpaka gereji yao ya tawi, na waranti yangu ni ya miaka mitatu, nimeifungia kwenye mfuko wa plastiki kama cheti cha ndoa. Mkaguzi wao alikuja hapa nyumbani, bwana mmoja wa miwani, kalamu tatu mfukoni. Nikampa kiti cha mgongo, nikamweleza yote bila kuficha, maana mimi si mtu wa kuficha. Nikamwambia jinsi nilivyoingia mtoni na mgonjwa pembeni, maji yakapanda boneti, yakapanda kioo cha mbele, nikawasha waipa kama vile ni manyunyu. Samaki mmoja aligonga kioo akanitazama, nami nikamtazama, akaona haya akaenda zake. Injini ikameza maji kama ngamia, na bado nikalitoa gari kwa rivasi, likikohoa, nikazungukia daraja la juu mpaka likakata roho kwenye tanuri la matofali. Mkaguzi aliandika mpaka kalamu ya kwanza ikaisha wino. Aliniambia hajawahi kusikia kitu kama hicho tangu aanze kazi.

Kwa hiyo mambo ni mazuri. Nilichobakiza ni wewe tu, ulisukume faili kwa ndani. Kwa sasa wale wa tanuri wameniomba niwasaidie kupanga matofali, kama mshauri hivi.

Mimi mjomba wako,
Kapteni


22 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mwanangu ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu, tumebaki tunawindana. Mimi mzima. Usingizi ndio shida. Asante kwa matofali ya mama. Mpe pole mkaza mjomba, mwambie aukande mguu kwa maji ya moto asisubiri uvimbe.

Tafadhali usije ukanipigia kazini, simu za ofisi zinarekodiwa. Faili lako limefika, tena lilianguka mezani kwangu, maana kazi yangu ndiyo hiyo: madai ya waranti yote ya mikoani yanapitia kwangu kwanza. Nimemwambia mkuu wangu kwamba mwenye gari ni mjomba wangu, akalihamishia kwa mwenzangu wa dawati la pili. Ndivyo kanuni ilivyo, na sitalisukuma kwa ndani wala kwa nje. Ila kabla halijahama nilikuwa nimeshalisoma.

Mjomba, waranti si kinga ya kila kitu. Inalinda kosa la kiwanda, yaani kitu walichokiunda vibaya wao. Haimlindi mwenye gari na alichokifanya yeye. Fungua kitabu chako ukurasa wa arobaini na moja. Gari lako linaruhusiwa kupita kwenye maji ya sentimita sabini, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sabini ni juu ya goti la mtu mzima. Maji yakizidi hapo yakaingia kwenye injini, hilo ni lako.

Mkaguzi ameandika: "Mteja anaeleza kwa maneno yake mwenyewe kwamba maji yalifunika kioo cha mbele." Chini yake ameongeza: "Mteja anajivunia." Kwa maneno hayo tu dai linakufa, hawatahangaika hata kuifungua injini.

Nina swali moja. Kioo cha mbele, kweli?

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu Karani,

Marahaba, marahaba. Huku hatujambo. Mjukuu wangu mwambie meno ya ukoo wetu huota mapya makubwa kuliko ya kwanza. Mimi la kwangu la mbele lilipoota, daktari alikuja kulipima. Mkaza mjomba wako amekanda mguu kama ulivyoagiza, na anasema unafanana na mama yako kwa kuamrisha watu kwa barua. Mvua zimepungua. Pale tanurini wameona mimi ni mtu wa maana, wameniongezea kazi ya kubeba.

Nimelisoma swali lako. Nimelisoma mbele na nyuma.

Sentimita sabini, mama, hilo ni beseni la kuogeshea mtoto. Aliyeandika kitabu hicho hajawahi kutoka kwenye lami. Gari wanaliuza kwa picha likiwa limesimama juu ya jabali, matope mpaka masikioni, ukilinunua wanakwambia usilishushe kwenye dimbwi. Ni sawa na kumwoza mtu mke halafu umwambie asimsemeshe.

Lakini mimi si mbishi. Kama kioo cha mbele ni kingi, tupunguze. Weka usawa wa boneti. Bado ni mengi? Basi weka usawa wa taa, mwisho wangu huo, na hapo nimekupunguzia kwa sababu wewe ni damu. Mkuu wako akikaza sana, mwambie ilikuwa kwenye bampa na mawimbi. Wewe niambie mnataka ngapi, nitaandika hiyo hiyo na kuweka sahihi.

Ila mto wenyewe siutoi. Kina tunaweza kuongea, mto hapana. Watu wote waliokuja mazishini waliusikia, na wewe uliusikia, na maneno ya mama yako mle majini nilikupa siku ile mbele ya wote. Mtu hawezi kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wamrudishie habari aliyowapa.

Halafu tuache haya ya maji, huwa yananipa baridi. Nikueleze nilivyomfundisha msimamizi wa tanuri kupanga moto...

(Ya moto ameeleza kurasa mbili, nimezitoa nisikuchoshe: haya ni maneno yangu, mkaza mjomba wako, kaniachia nifunge bahasha. Mwanangu, hali chakula vizuri. Usimwambie nimekwambia.)


5 Mei

Mjomba,

Natumai mko wazima. Hapa mvua imekatika, vumbi limeanza. Mwanangu jino jipya limechungulia. Mkaza mjomba mwambie nimemsikia.

Maji si bidhaa sokoni, hatupunguziani bei. Mwenzangu wa dawati la pili ni mtu makini, na wiki iliyopita aliniita nitazame picha zilizopigwa gereji, kwa sababu alikuwa ameona kitu asichokielewa. Hakupaswa kuniita, nami sikupaswa kwenda. Nilikwenda.

Kuna picha ya eya klina, lile chujio ambalo hewa yote ya injini hupitia. Gari likizama, maji huingia hapo kwanza, hayana njia nyingine. Mjomba, chujio lako ni kavu. Lina vumbi la miezi, laini kama unga. Na katikati ya vumbi kuna nondo aliyekufa, mabawa yake mazima, hata unga wake haujatoka. Maji ya mto hayakupita pale. Wala ya boneti, wala ya taa, wala ya bampa na mawimbi.

Mwenzangu anahisi ni pampu ya oili. Kuna tangazo la kiwandani lililokuja Februari kuhusu injini za mwaka wa gari lako, pampu zao hukatika ndani zikiwa bado mpya, na namba ya injini yako imo. Kama ni hilo, wewe huna kosa, ni kosa lao, na wanatoa injini mpya. Unachotakiwa kuandika ni sentensi moja: kwamba hukuingia mtoni.

Lakini ukiandika hivyo, gereji itasoma kompyuta ya gari. Hawajaisoma mpaka leo kwa sababu mto wako uliwatosha. Kompyuta hiyo hukumbuka kila kitu, na wataangalia kimoja tu: taa nyekundu ya oili. Ikiwaka, dereva anatakiwa azime injini papo hapo. Akiendelea, kosa linahama kiwandani linakuja kwake. Sikwambii useme nini. Nakwambia wataangalia nini.

Hayo ni ya gari. Sasa ya kwangu.

Ulisimama mbele ya watu ukasema mama alikufa katikati ya mto, kichwa chake begani kwako, akisema, "Mdogo wangu, hata mto umekuogopa." Miezi minne nimelala na maneno hayo chini ya mto wa kitanda. Nimemsimulia mwanangu. Nimewasimulia watu wa ofisini, wakalia.

Sasa nondo ananiambia hakukuwa na mto. Mama alifia wapi?


18 Juni

Mjomba,

Ni wiki sita. Dereva wa lori la saruji anasema barua alikupa mkononi, na kwamba u mzima, ulimsimulia tena ile ya chui. Amesema chui sasa ni wawili.

Dai linafungwa tarehe thelathini na moja Julai. Baada ya hapo gari litarudishwa lilivyo.

Kimya chako pia nimekipokea.


9 Julai

Mpwa wangu,

Wote wazima hapa. Mkaza mjomba wako amepanda kiazi nyuma ya jiko na anakusalimu. Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na chui, nikaichana. Ya pili ilikuwa nzuri sana, nikaichana pia. Barua zako mbili za mwisho hazina shikamoo, nimeona.

Sikuingia mtoni.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mama yako alikuwa hawezi kuegemea, alikaa ameinamia mbele, mikono juu ya dashibodi, akivuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo kisimani. Tulifika ukingoni. Ng'ambo ya pili unajua mwenyewe, dakika ishirini tu uko hospitali. Maji yalikuwa ya udongo, yana kelele. Nikaweka foo wili, nikaweka gia ya kwanza, na mguu wangu ukakataa kuachia klachi. Sikuupanga mimi. Ulikataa wenyewe.

Dada akageuza kichwa akaniuliza, "Si ndio huu huwa unauvuka?"

Nikamwambia leo umejaa. Akasema, "Sawa, Kapteni." Hakusema kwa kejeli. Ningependa angesema kwa kejeli.

Mpwa wangu, mto ule sijawahi kuuvuka ukiwa na maji. Zile habari zote ni za enzi nikiwa utingo wa lori la mbao. Aliyevuka alikuwa dereva, mimi nilikuwa nyuma chini ya turubai, nimeshika kamba nimefumba macho. Nilipata kuzisimulia mara moja, zikapendeza, na baada ya miaka ishirini hata mimi nikawa naona ni mimi niliyeshika usukani. Niliponunua gari nilijua siku moja mto utaniita kwa jina. Sikudhani itakuwa siku ile.

Tukiwa pale ukingoni, alitokea ng'ambo muuza mkaa, yule mfupi, baiskeli begani, akavuka kuja upande wetu kwa miguu. Nilimwona. Akapita ubavuni mwa gari akasalimia. Nami nikageuza gari.

Kuzungukia daraja la juu ni saa moja na nusu. Tulikuwa tumekwenda kama robo ya njia, taa nyekundu ikawaka, ile yenye alama ya kopo la oili. Niliijua. Mimi si mjinga wa taa, nilijua kabisa inasema nini. Lakini nikizima, nimezimia wapi? Porini, na mgonjwa, hakuna simu inayoshika. Nikavua kofia yangu nikaiweka juu ya dashibodi, ikaifunika taa, ili asiione akapata hofu. Nikakanyaga mafuta.

Baada ya muda akaniuliza, "Kwa nini umevua kofia?"

Nikamwambia joto.

Hakusema tena. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, mama, hakuna mengine. Ya mto kuniogopa niliyatunga njiani nikiwa nimemlaza kiti cha nyuma, nikirudi nyuma ya trekta la machimbo lililotuvuta. Niliona nikija mikono mitupu mtaniuliza nilikuwa wapi. Pumzi zake zilikatika kabla ya tanuri. Injini ikaanza kugonga, nikalia nikiliambia gari lisubiri, na pale tanurini likazima. Alitangulia yeye, gari likafuata. Mahali ninapopanga matofali kila siku ndipo hapo.

Muuza mkaa hajawahi kumwambia mtu neno. Kila nikianza kusimulia mto, yeye hufunga gunia lake anaondoka. Miezi yote hii alikuwa akiniachia nafasi ya kudanganya.

Juzi nilifanya jambo ambalo zamani nisingelifanya. Uliandika sentimita sabini, namba hiyo haikuniacha nilale. Nikaazima rula shuleni, nikakata fimbo ya urefu huo. Nikaenda kwa muuza mkaa, nikamwambia anionyeshe siku ile maji yalimfika wapi. Hakuniuliza siku gani. Akainama akaweka vidole vinne juu ya goti, akasema, "Hapa." Nikasimamisha fimbo kando ya mguu wake. Fimbo ilizidi kwa upana wa kiganja.

Kitabu kilikuwa kinaruhusu. Hata kwa waranti yao ya kibeseni, tungepita.

Sikuombi kitu. Peleka barua hii kwa mwenzako, na hiyo ya taa uiache humo humo, usiitoe. Najua ulichonifundisha pale uliposema wataangalia nini, uliniachia mlango nusu wazi. Nimeuona. Lakini nimechoka kupunguza na kuongeza.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba,

Mwanangu anasema anataka kuja likizo kukuona, nimemwambia bado. Mkaza mjomba msalimie sana, ile mbegu ya kiazi anibakizie.

Barua yako sikuipeleka yote. Nilinakili sehemu ya gari kwa mwandiko wangu, mwenzangu akashuhudia, ya mama nimebaki nayo. Gereji wakaifungua injini. Ni pampu, imekatika pale pale tangazo linaposema. Kisha wakasoma kompyuta. Taa iliwaka saa tano kasoro dakika nane, na injini ikaendelea kufanya kazi dakika arobaini na tatu.

Katika faili walipiga mstari juu ya neno "maji", kwa hiyo kwa maandishi ya kampuni wewe hukuingia mtoni. Badala yake wakaandika: "Kuendesha baada ya onyo." Dai limekataliwa. Mkuu wangu aliuliza, si kwa ubaya, kwa nini mtu mzima aone taa aendelee dakika arobaini na tatu. Mwenzangu akamjibu kwamba alikuwa na mgonjwa. Mkuu akaigeuza fomu mbele na nyuma, akasema hakuna pa kuliandika hilo. Ni kweli hakuna. Fomu hiyo naijaza miaka tisa, sikuwahi kuona kama hakuna.

Miaka hiyo tisa nimekataa madai mengi kwa sababu hiyo hiyo. Taa iliwaka, dereva aliendelea, muhuri, linalofuata. Sasa kila nikishika moja nasimama. Natafuta walikuwa na nani garini.

Hukuniuliza kama mama angefika. Nimekushukuru kwa kutouliza. Mimi pia sijamuuliza daktari, na sitamuuliza.

Sijui kama nimekusamehe, mjomba. Nikijua nitakuandikia, sitakuacha usubiri kwa dereva wa saruji. Nakukasirikia kwa ukingo wa mto, na nakukasirikia zaidi kwa mazishi, maana ulinipa mama ambaye hakuwa wangu, mama wa hadithi, anayekusifu. Mama hakuwa mtu wa kukusifu. Huyo aliyeuliza habari ya kofia ndiye yeye. Alikuwa hivyo hata kwangu, nikiwa na homa ataniuliza kwa nini nimevaa soksi.

Nimesoma sehemu ile mara nyingi. Ulikuwa na jambo la kweli la kusimulia, nawe ukaenda kuchukua samaki. Mwanangu nimemwambia upya. Nimemwambia bibi alikuwa anaumwa, na babu yake aliifunika taa kwa kofia ili bibi asiogope, akaendesha mpaka injini ikafa. Ameuliza, "Halafu?" Nikamwambia hakuna halafu.

Gari litakuja wiki ya tatu, juu ya lori. Saini kwamba umelipokea lilivyo.

Mjomba, shikamoo.

Mpwa wako


30 Agosti

Mpwa wangu,

Jemedari amefika. Walimshusha kwa mbao mbili, tukamsukuma watu sita mpaka ubavuni mwa jiko. Kuku wa mkaza mjomba wako wameshampenda, wanataga chini ya giaboksi. Nimesaini lilivyo.

Jana pale tanurini, wakati wa kupumzika, wakaanza kama kawaida yao, Kapteni tupe ile ya mto. Msimamizi mwenyewe akageuza ndoo akakaa. Nikawaambia, "Nilifika ukingoni, nikaogopa, nikageuza."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Wakasema Kapteni siku hizi umejua kutania, haya sasa tupe yenyewe. Nikarudia vile vile, na taa, na kofia. Wakazidi kucheka, halafu wakachoka, wakaona leo sina raha, wakarudi kwenye matofali. Hakuna hata mmoja aliyeniamini, mama. Miaka yote niliwapa uongo wakala wakashiba, nilipowaletea ukweli wakaona haujakolea chumvi.

Muuza mkaa alikuwepo, amekuja kuleta kuni za moto. Yeye hakucheka. Nilipoanza kusema nilimwona ameshika mdomo wa gunia, nikajua anafunga aondoke. Hakulifunga. Alikaa juu yake mpaka nikamaliza, kisha akanisalimia upya, kama watu waliokutana njiani.

Kofia bado iko juu ya dashibodi. Mkaza mjomba wako aliitaka aifue, nimemwambia aiache. Jua linaipausha upande mmoja.

Marahaba.